Nyumba Yako Ndiyo Inayochagua Mtandao

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Muheza, na wenzetu mlioteremka kutoka Amani na mliokuja kutoka Kigombe, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mchana huu. Nimeombwa nizungumzie intaneti ya nyumbani kwa sisi tusiofikiwa na waya. Nianze na lililonikuta.

Mwaka ule binti yangu alipomaliza kidato cha sita, nilikwenda Tanga mjini nikanunua ruta, kile kifaa kinachopokea intaneti na kuigawa nyumbani. Pale dukani ilikuwa inakimbia kweli, video inafunguka kabla hujaondoa kidole. Nikasaini mkataba wa miezi 12, nikapanda basi nikarudi. Nyumba yangu iko bondeni, nyuma kilima, mbele michungwa. Nikaiwasha, taa ikawa nyekundu. Nikaihamisha chumba kwa chumba, nikaipandisha juu ya kabati, nikaitoa barazani. Ikashika kidogo, ikakata. Nilipopiga simu niliambiwa eneo langu limo kwenye ramani yao. Basi binti yangu alijaza maombi ya chuo akiwa amesimama juu ya kichuguu, shambani kwa jirani, saa tano za usiku, mimi nimemshikia tochi. Na ruta nikailipia miezi yote 12.

Tangu siku ile nimezipandia paa nyingi katika vijiji hivi, na jambo ninalowaambia wote ni hilohilo. Watu huniuliza mtandao gani ni mzuri. Siwezi kujibu mpaka nifike kwako. Upo mtandao unaofika kwenye nyumba yako, kwenye chumba unachokaa, kwa saa unayoutumia. Huo ndio mzuri. Kwa hiyo tusianzie dukani. Tuanzie kwenye paa.

Najua kuna watakaoniuliza habari za mkongo, ule waya mkuu wa nyuzi za kioo unaobeba intaneti. Tunauona umechimbiwa kandokando ya barabara kuu, umepita hatua chache kutoka barazani kwa mtu, na mwenye baraza hana intaneti. Hajanyimwa kwa roho mbaya. Mkongo ule ni kama treni ya mwendo mrefu: reli imepita kijijini kwenu, lakini pasipo na stesheni haisimami. Ili zile nyuzi za kioo zigawiwe majumbani, kampuni lazima ijenge kituo karibu, kisha ivute waya mwembamba kwenye nguzo mpaka mlangoni kwa kila mteja. Kazi hiyo hufanywa mahali nyumba zimebanana. Zetu zimetawanyika mashambani. Siku ukisikia faiba inafika kwenu, jiandikishe wa kwanza, kwa sababu waya wa kioo haujali kilima wala masika. Mpaka siku hiyo tunategemea mawimbi.

Mawimbi ya mnara yana tabia ya mwanga. Kilima kikikaa kati yako na mnara, nyumba yako iko kivulini. Ndiyo maana majirani wawili waliopishana mita 200 tu, mmoja anaangalia mpira na mwenzake anahangaika kutuma picha. Na mawimbi hayalingani. Mnaijua ngoma ya harusi usiku: ukiwa mbali kinachokufikia ni mdundo mzito, kayamba husikii. Masafa ya chini, yaani mawimbi ya mdundo mzito, kama megahezi 700 au 800, yanafika mbali na yanapenya kuta. Masafa ya juu, kama 1800 au 2600, yanabeba mzigo mkubwa zaidi lakini yanachoka upesi. Kampuni moja inaweza kuwa na mnara unaouona kwa macho na bado ukazidiwa na wa mwenzake ulio nyuma ya mashamba ya mkonge, kwa sababu tu ya masafa yaliyowashwa pale.

Sasa tupime. Vile vipau vya kwenye simu msivitegemee. Kila mtengenezaji wa simu anaamua mwenyewe kipau kimoja ni nguvu kiasi gani. Kwenye simu nyingi za Android ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele yake, mfano -85 au -110. Isome kama deni. Mwenye deni la 85 ana afya, wa 100 anajikongoja, wa 115 hana kitu. Na msidharau tofauti ndogo: kila ukipanda kwa 3, nguvu ya mawimbi inakuwa maradufu, na ukipanda kwa 10 inakuwa mara kumi. Kutoka -110 ndani ya nyumba mpaka -95 kwenye mlingoti juu ya paa, umevuka kutoka shida hadi raha, na hujabadilisha kampuni.

Ili kulinganisha, huna haja ya kununua laini zote. Waite majirani. Mmoja ana Vodacom, mwingine Airtel, mwingine Yas ambayo zamani tukiita Tigo, mwingine Halotel, mwalimu ana TTCL. Wakae barazani kwako, wapikie kahawa, kila mmoja asome namba yake hapohapo. Halafu nendeni upande wa pili wa nyumba mkasome tena. Hizo mbili tatu zenye namba nzuri ndizo utakazozipima kasi.

Na kasi ipimwe mara tatu: alfajiri, mchana, na saa mbili usiku. Hapa wengi hukosea. Mtu anapima saa nne asubuhi, watu wako mashambani, mnara mtupu, anapata megabiti 30 kwa sekunde, anafurahi. Usiku kijiji kizima kimerudi, kila kijana yuko kwenye simu, na ule mnara ni mmoja. Unakuta megabiti 2. Namba ya saa mbili usiku ndiyo utakayoishi nayo. Weka bando la siku kabla ya zoezi hili, maana kipimo kimoja kwenye mtandao wenye kasi kinaweza kula zaidi ya MB 100. Angalia pia kasi ya kupakia, maana mwalimu anayefundisha kwa video au mama anayetuma picha za bidhaa zake anaihitaji hiyo kuliko ya kupakua.

Nifafanue kidogo hizo megabiti, kwa sababu matangazo yanawachanganya watu. Kasi inatajwa kwa biti, faili linatajwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde unakuletea megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Faili la MB 100 litachukua sekunde 80. Hujaibiwa, ni hesabu.

Ukishapata mtandao wako, ulete karibu. Paa zetu za bati ni ukuta kwa mawimbi. Ruta iliyowekwa sebuleni chini ya bati inasikia kwa shida sana. Kuna ruta za nje, zinafungwa juu ya mlingoti, zinateremsha waya wa data ndani, na waya huo unaweza kwenda mpaka mita 100 bila kupoteza kitu. Hizo nazipenda kuliko ile antena ya nje yenye waya mrefu mwembamba wa shaba unaoingia kwenye ruta ya ndani, kwa sababu waya ule unameza njiani nusu ya ulichokihangaikia juu. Elekeza kidogo kidogo, digrii chache, subiri, soma namba, andika. Na fikirieni miti. Jani la mwembe lililolowa linazuia mawimbi kuliko jani kavu. Mkifunga mwezi wa Februari bila kuangalia miti iliyo mbele, masika ya Machi hadi Mei yatawafundisha. Wenzetu wa Kigombe, na Pangani kule, chumvi ya bahari inakula viungio. Vizungushieni utepe wa mpira usiopitisha maji, na mvikague kila mwaka.

Nunueni ruta inayokubali laini yoyote. Zile zinazouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi zimefungwa kwa kampuni moja, na mnara ukizidiwa mwakani hutaweza kuhama. Na kama muuzaji anakudai mkataba, mwombe kwa maandishi siku za majaribio nyumbani kwako, na urudishiwe fedha ikishindikana. Akikataa, ondoka. Mimi sikuomba.

Mzee pale nyuma ananyoosha mkono. Anauliza kuhusu vifurushi vinavyoitwa bila kikomo. Shikamoo mzee, swali zuri sana. Muulize muuzaji maswali mawili: baada ya giga ngapi mnapunguza kasi, na mkipunguza inabaki ngapi? Karibu kila kifurushi cha namna hiyo kina mpaka wa matumizi, ila umeandikwa kwa herufi ndogo. Kisha piga hesabu ya nyumba yako. Filamu ya ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Ubora wa kawaida hadi GB 1. Nyumba inayoangalia saa 2 kila usiku kwa ubora wa juu inafika GB 180 kwa mwezi. Shusha ubora, ibaki 60, na kwenye runinga ya inchi 32 ni wachache watakaoona tofauti. Zimeni pia programu za kompyuta na simu zisijisasishe zenyewe mchana. Hizo zinakula bando kimyakimya.

Kuna pia kampuni ndogo zinazorusha intaneti kutoka kwenye mlingoti wao mpaka kwenye kidishi kwako. Ikiwa wapo karibu nawe, mara nyingi huduma yao ni tulivu usiku kuliko ya simu. Sharti lake kidishi chako na mlingoti wao vionane, na kuonana kwa macho tu hakutoshi: kwa umbali wa kilomita 5, katikati ya njia panatakiwa uwazi wa mita 5 hadi 8 kuuzunguka ule mstari wa macho. Mnazi unaoota unaweza kukukatia huduma miaka miwili baadaye.

Na satelaiti. Zile za zamani zimekaa juu kilomita 35,786. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, karibu nusu sekunde imepita kabla hujaona kitu. Kusoma barua pepe haina shida. Kuongea kwa video mtakuwa mnakatizana maneno. Mpya, kama Starlink, ziko chini, kilomita 550 hivi, na ucheleweshaji wake ni mdogo sana. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, wanaitumia tangu 2023, na ninajua baadhi yenu mmeshaulizia mtu wa kuwavushia dishi. Nawasihi msifanye. Chombo kilichosajiliwa Kenya hakipati uhalali kwa kuvuka mpaka, kampuni inaweza kukizima wakati wowote, na fedha yako itakuwa imekwenda. Kabla ya kulipia satelaiti yoyote, ulizia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kama mtoa huduma huyo ana leseni ya kuhudumia Tanzania.

Umeme ukikatika, je? Ruta nyingi zinatumia volti 12 na wati 10 hivi. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7 itaiendesha kama saa 6, na paneli ndogo ya sola itaijaza kesho yake. Fundi wa sola yeyote anaweza kukufungia. Radi ikianza, chomoa vyote, waya wa umeme na ule wa kutoka kwenye mlingoti. Wengi huchomoa mmoja.

Wekeni laini ya pili ya kampuni nyingine, hata kama ni ya bando dogo tu: kampuni moja ikilala mnahamia nyingine, na zote zikilala mnajua tatizo haliko kwenu. Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya nchi nzima ilivyopooza? Mikongo miwili ya chini ya bahari inayotuletea intaneti kutoka nje, EASSy na SEACOM, ilikatika kule upande wa Afrika Kusini. Watu hapa walipanda mapaani kugeuza antena zilizokuwa sawa kabisa. Kabla ya kugusa kitu, muulize jirani mwenye mtandao mwingine.

Wale wa vitongoji ambako namba zote zinasoma -115, juu ya paa na chini, nyie hamna cha kuchagua, na siwaambii mnunue chochote. Kwenu kinachotakiwa ni mnara. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, unaotoa ruzuku kwa kampuni zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Andikeni barua kupitia serikali ya kijiji, ipite kata, ifike halmashauri, na muambatanishe vipimo: jina la kitongoji, kaya ngapi, shule ipo au zahanati, na namba zilizosomwa kwa kila kampuni. Barua yenye namba ni ngumu kuiweka kando. Nimeleta karatasi zilizochorwa mistari, mchukue.

Nje kuna ngazi na mlingoti wa mita 4. Wenye laini tofauti tofauti njooni mbele, mmoja mmoja kwa kila kampuni. Tutaanzia chini ya ule mwembe, kisha tupande kwenye paa la darasa. Mwalimu, naomba chaki, tutaandika ukutani.