Kanga Nyeusi Iliyohesabiwa Nyekundu

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Salma, niko na kaka Idi, na leo tunaongea rangi. Idi, wiki nzima umekesha na picha za kanga. Hebu tuanzie hapo.

IDI: Ahsante, dada. Kuna mama anauza kanga, aliniomba programu: mteja atume picha ya kanga aliyoipenda, aletewe za dukani zinazofanana nayo kwa rangi. Nikaandika kwa lugha ya Python, nikatumia OpenCV, mkusanyiko wa programu tayari za kushughulikia picha. Nikajaribu na kisutu, ile kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ya kwanza kuletwa ikawa kanga nyeusi na nyeupe. Haina hata tone la wekundu!

SALMA: Subiri. Kwanza mweleze msikilizaji programu inaona nini.

IDI: Kila pikseli, yaani kila kidoti cha picha, ina namba tatu, toka 0 hadi 255. OpenCV inazipanga bluu, kijani, kisha nyekundu. Sasa kanga ileile, ipige picha juani, ipige kivulini, namba zote tatu zinabadilika. Ndiyo maana nahamia HSV, mfumo alioueleza Alvy Ray Smith mwaka 1978. Humo namba ya kwanza ni rangi yenyewe, ya pili ni jinsi ilivyokolea, ya tatu ni mwangaza. Kivuli kinagusa zaidi ile ya tatu.

SALMA: Na kuhama ni mstari mmoja tu wa programu, cvtColor. Ila jamani, angalieni mpangilio. Pillow, nyenzo nyingine ya picha katika Python, inatanguliza nyekundu. Ukiichukua picha yake ukaipeleka kama ya OpenCV, kisutu chako kinageuka cha bluu, na programu haitakuambia neno.

IDI: Kweli kabisa. Halafu picha nazilinganisha kwa histogramu, nayo ni kuhesabu tu. Unatenga mafungu ya rangi, kila pikseli inakwenda kwenye fungu lake, mwisho unatazama kila fungu limepata ngapi. Kazi hiyo inafanywa na calcHist.

SALMA: Basi nyeusi iliingiaje kwenye fungu la nyekundu?

IDI: Rangi katika HSV ni pembe kwenye duara. Nyekundu iko 0, kijani 120, bluu 240. Nyeusi na nyeupe hazina pembe, kwa sababu namba zao tatu zinalingana, hakuna inayoizidi nyenzake. Lakini nafasi ile lazima ijazwe kitu, na OpenCV inajaza 0.

SALMA: Na 0 ndiyo nyekundu!

IDI: Ndiyo hiyo. Isitoshe, picha za dukani zilikuwa zimesafishwa, nyuma ya kanga ni nyeupe tupu, 255 mara tatu. Hata kanga ya kijani ilikuwa na mlima wa nyekundu.

SALMA: Naomba watu wanaoanza walisikie hili vizuri, maana grafu inatoka nzuri, huoni kosa. Ukafanyaje?

IDI: Nauliza kwanza imekolea kiasi gani. Chini ya 50 katika 255, siisomi rangi yake. Na mwangaza ukiwa chini ya 40, hiyo ni nyeusi, hata kama namba zinadai imekolea. Wengi wanaziondoa pikseli hizo kwa maski, kichujio kinachosema pikseli zipi zihesabiwe. Mimi nimekataa. Kisutu bila nyeusi na nyeupe si kisutu! Nimezipa mafungu yao: nyeusi, kijivu, nyeupe. Niliyoikata kwa maski ni ile nyeupe ya nyuma tu.

SALMA: Na lile duara la rangi, likikatwa liwe mstari, nyekundu si inagawanyika?

IDI: Hilo lilinichukua siku mbili. Biti 8, yaani namba za 0 hadi 255, hazifikishi 360, kwa hiyo OpenCV inagawa pembe kwa mbili, inaishia 179. Chukua bluu 30, kijani 20, nyekundu 180. Rangi inatoka 178. Sasa bluu iwe 20, kijani 30. Inatoka 2. Kwa macho ni wekundu uleule, ila kwenye histogramu mmoja uko mwanzo, mwingine mwisho.

SALMA: Ncha hizo ukaziungaje?

IDI: Naongeza 5 kwa kila rangi, nagawa kwa 180, nachukua baki. Kisha mafungu 18, ya kumi kumi. Kuanzia 175 kuzunguka hadi 4, zote zinaangukia fungu moja.

SALMA: Halafu ukubwa. Picha ya simu ya 4000 kwa 3000 ina pikseli mara 25 ya ile ya 800 kwa 600.

IDI: Gawa kila fungu kwa jumla ya pikseli ulizozihesabu, zilizokatwa na maski zisiingie. Nalinganisha kwa njia ya Swain na Ballard ya mwaka 1991: katika kila fungu chukua kiasi kidogo kati ya picha mbili, ujumlishe. Ikifika 1, zimelingana.

SALMA: Safari hii kisutu kikaleta nini?

IDI: Visutu vitatu vya mwanzo, safi. Ya nne ilikuwa na rangi zilezile, ila mji, ile sehemu ya katikati, mwekundu mtupu na weusi wote kwenye pindo. Mama akaikataa palepale, na ana haki. Histogramu haijui rangi imekaa wapi.

SALMA: Si uhesabu pindo peke yake na mji peke yake?

IDI: Ndiyo ninachofanya sasa. Shida ni picha za wateja: kanga imekunjwa, au mtu ameivaa, pindo hazionekani.

SALMA: Waambie waitandaze.

IDI: Nimeshaandika pale juu ya kitufe cha kamera: “Tandaza kanga yote, pindo zote nne zionekane.”