Anza na Mtoto Uliyemwacha Darasani

Mhadhara kwa walimu wa elimu maalumu wanaojiandaa kwa shahada ya uzamili

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Wenzetu viziwi mnaomfuata mkalimani hapa mbele, nikienda mbio nipungieni mkono, nitasimama.

Najua wengi mmekuja na maswali ya wapi pa kusoma na ya ruhusa ya masomo. Tutayafikia. Naomba nianze na binti mmoja niliyemfundisha katika kitengo cha wasioona, zaidi ya miaka 20 iliyopita, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia.

Alikuwa darasa la tatu, mtoto mwenye ualbino. Aliletwa kwetu kwa sababu hakuweza kusoma ubaoni, na kwa fikra za wakati ule asiyesoma ubaoni haoni, basi. Nikamfundisha nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Sleti na stailasi, yaani kibao chenye vitundu na kijiti cha kutobolea nukta, nukta ya kwanza hadi ya sita, kuandika kutoka kulia ili ukigeuza karatasi usome kutoka kushoto. Alishika upesi kuliko wenzake wote. Siku moja nikasimama nyuma yake, hakunisikia. Vidole vyake vilikuwa vimetulia mezani. Karatasi ameiinua mpaka karibu na pua, ameiinamisha kidogo, mgongo kaupa dirisha. Mwanga ulikuwa unapita juu ya karatasi kwa mshazari, kila nukta ikitupa kivuli chake kidogo, naye alikuwa anavisoma vile vivuli. Kwa macho.

Nilimhesabu kuwa mdanganyifu. Nikachukua kitambaa, nikamfunga macho, nikamwamuru asome kwa vidole kama wengine. Nilifanya hivyo muhula mzima. Hakulia hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi leo. Alikuwa anakaa, ananiletea kichwa nimfunge.

Hakuna aliyenikemea. Nilikuwa na stashahada, nilikuwa na mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, na Mungu anajua nilikuwa na moyo wa kazi. Nilichokosa ni swali. Sikuwahi kujiuliza: mtoto huyu anaona kiasi gani, umbali gani, kwenye mwanga upi?

Jibu nililikuta miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Shirika la Afya Duniani lina vipimo. Mtu ambaye jicho lake zuri, hata akiwa na miwani, liko chini ya 6/18 lakini halijashuka chini ya 3/60, huyo ana uoni hafifu. Maana ya 6/18 ni kwamba kitu ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 18, yeye lazima asogee hadi mita 6. Watoto wengi wenye ualbino wako humo. Sehemu ya katikati ya retina, ile ya kuonea vitu vidogo, haikukua sawasawa tangu tumboni, macho yanachezacheza, mwanga mkali unawaumiza. Lakini wanaona! Na kwa kawaida uoni wao haufifii kadiri wanavyokua. Msogeze mbele, mkinge na mwanga wa dirisha, mpe maandishi makubwa na kibao cha kuinamishia kitabu, ukiweza mpatie darubini ndogo ya mkononi ya kusomea ubao, umemaliza nusu ya kazi. Kile kitendo cha kuleta karatasi puani, ambacho mimi nilikiona ni utundu, ndicho tiba yake: ukipunguza umbali kwa nusu, herufi inakuwa kubwa mara mbili machoni mwako. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amejigundulia mwenyewe. Mwalimu ndiye aliyemziba.

Nchini mwetu Tanzania inakadiriwa kwamba katika kila watu 1,400 mmoja ana ualbino. Fikirieni ni watoto wangapi wamepelekwa kwenye shule na vitengo vya wasioona na kufundishwa kwa vidole kitu ambacho wangekisoma kwa macho. Nawaambia hili si kujitesa. Nawaambia kwa sababu hapo ndipo ninapotaka uzamili wenu uanzie.

Nimesoma mapendekezo mengi ya utafiti. Yale ya “Changamoto za elimu jumuishi katika wilaya fulani” nimeyachoka, nasema wazi. Mwandishi anagawa hojaji kwa walimu 60, walimu wanasema vifaa havitoshi, madarasa yamejaa, mafunzo hakuna. Tulijua. Hata mlinzi wa shule anajua. Unapoteza miaka miwili na ada ya familia kuthibitisha kwamba mvua inalowesha. Tasnifu yenye faida ina mtoto ndani yake. Yule kijana mwenye usonji anayetulia tu akishika ufagio na kufagia, kwa nini? Yule kiziwi aliyeingia darasa la kwanza hana lugha yoyote, si ya mdomo wala ya alama, alipata alama yake ya kwanza kwa nani: kwako au kwa wenzake bwenini? Maswali hayo hayamo kwenye maktaba. Yako kwenye madaftari yenu ya maandalio ya somo, mmeyaandika pembeni kwa kalamu nyekundu mkayasahau.

Sasa, wapi pa kusoma. Shule zilitangulia sana kabla ya walimu. Buigiri, Dodoma, ilianza kufundisha wasioona mwaka 1950. Tabora ikaanza kwa viziwi mwaka 1963. Zote mikononi mwa makanisa. Walimu wa elimu maalumu tukapikwa hasa kwa ngazi ya cheti na stashahada, na wengi wenu hapa mmepita Chuo cha Ualimu Patandi pale Tengeru, Arusha. Shahada zilikuja baadaye sana. Chuo cha kumbukumbu ya Askofu Sebastian Kolowa kule Magamba, Lushoto, kilianza mwaka 2007 kikajikita kwenye fani hii, na Chuo Kikuu cha Dodoma nako ikafundishwa. Majirani walitutangulia: Kenya ilianzisha taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, mwaka 1986, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayoifundisha; Uganda wana Kyambogo, ambako taasisi yao ya elimu maalumu iliunganishwa mwaka 2003. Wapo waliokwenda mpaka Oslo, Norway. Msichague kwa jina la mji. Mtafuteni msimamizi. Muulizeni ana kwa ana au kwa simu: wewe umewahi kukaa na mtoto kiziwi siku nzima? Akikujibu kwa nadharia tupu, mshukuru, endelea kutafuta.

Kuhusu ruhusa nitasema machache. Barua ipitie kwa mkuu wa shule na maofisa elimu hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na usiende chuoni kabla majibu hayajatoka kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haikulindi mshahara ukisimamishwa.

Jambo la lugha ni zito zaidi. Tasnifu nyingi tunaziandika kwa Kiingereza, sawa, ndiyo taratibu. Lakini mzazi uliyemhoji alikujibu kwa Kiswahili, pengine kwa Kisukuma au Kisambaa, na hapo katikati ya tafsiri mtoto anaweza kupotea. Mama mmoja aliniambia mwanawe “ana macho ya jioni”. Ningeandika kwamba mtoto haoni vizuri, ingekuwa imepita. Nilipomwomba anieleze, akasema mtoto anatembea vizuri jua likishazama, mchana anajikwaa. Hiyo ilikuwa taarifa ya kitaalamu kabisa kuhusu mwanga, imesemwa na mtu ambaye hajapita chuo chochote. Basi andikeni maneno ya wazazi kama yalivyotamkwa, kwanza, kabla hamjayageuza. Na mkimaliza, rudini na kurasa tano za Kiswahili muwasomee. Nasisitiza muwasomee, msiwape tu mkaondoka.

Maneno tunayowaitia watoto nayo yaangalieni. Watoto wenye ualbino tuliwaita zeruzeru, tukiwa walimu, kwenye rejesta. Kuna mtoto alikua akidhani hilo ndilo jina lake. Usonji, uoni hafifu, ulemavu wa akili: maneno haya yamefika kwa watu kupitia kwenu. Mkiyatumia kwa heshima, na kijiji kitayatumia kwa heshima.

Na ridhaa. Mzazi kuweka dole gumba kwenye fomu hakutoshi. Mtoto mwenyewe aulizwe, kwa lugha yake, na akikataa umwache. Watoto wa vitengo wamepigwa picha na wageni wengi mno. Usitafiti viziwi kwa kutegemea mkalimani peke yake: kwanza jifunze lugha ya alama mwaka mmoja, utafiti utakusubiri.

Nimebakiza lile linalonikosesha usingizi. Nilipoondoka kwenda kusoma, niliacha kitengo chenye watoto 11 na mashine mbili za Perkins. Niliporudi kusalimia, nikaulizia mashine. Tulizikuta stoo, chini ya mifuko ya chokaa. Nikabonyeza kitufe cha nukta ya nne, kikaenda chini hakikurudi. Watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani au wamekalishwa nyuma ya madarasa ya kawaida wakisikiliza tu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mimi ndiye peke yangu niliyejua kutumia zile mashine, na sikumfundisha mwingine. Nami baada ya kuhitimu nilipewa ofisi, si darasa, kama inavyotokea kwa wengi wetu. Shahada inampandisha mwalimu na kitengo kinabaki yatima.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote ya chuo, chagua mwalimu mmoja hapo shuleni, hata kama ni wa Hisabati, mfundishe unachokijua. Mwaka mzima ikibidi. Mkabidhi mashine, mkabidhi kila mtoto na mambo yake: huyu akae wapi, huyu anaogopa nini, huyu dawa yake ya kifafa ni saa ngapi. Andika. Na ukiwa chuoni piga simu kila Ijumaa.

Yule binti alihama kabla sijajua kosa langu, sikuwahi kumwomba radhi. Nilimtafuta, sikumpata.

Karatasi zinapita. Wanaotumia nukta nundu, sleti ziko meza ya kwanza kushoto. Andika jina la mtoto mmoja, jina la kwanza tu, na chini yake jambo moja analolifanya ambalo hujalielewa. Tuna dakika kumi, halafu tutasoma kwa sauti na kwa alama, tukianzia mstari wa nyuma.