B Siyo Betri: Kushuka Mlima na Haibridi

Haya jamani tukae, wa nyuma mnanisikia? Asanteni. Nimepewa dakika 30 niongelee gari za haibridi, zile zenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, na mteremko. Walionisikia mwaka jana wanisamehe, nitarudia yaleyale, na nitaendelea kurudia kwa sababu kila Desemba watu wakishapanda kwenda kula Krismasi kihambani kule mlimani, kwenye kushuka tunaanza upya. Ile herufi B kwenye gea ya Toyota Aqua na Prius siyo Betri. Sijui nani alimwambia nani, ila mji mzima wa Moshi unaamini ukiweka B betri inajaa, mtu anaendesha na B kutoka YMCA mpaka Majengo kwenye tambarare, halafu analalamika gari inakula mafuta. Itaachaje?

Nami nilikuwa mmoja wa haohao, nisijifanye. Aqua yangu ya kwanza ilikuwa na wiki tatu tu tangu niitoe bandarini, nikampeleka mama mkwe Marangu kwenye msiba. Kurudi, gari imejaa: mama mkwe kakaa nyuma na dada zake wawili, mikungu miwili ya ndizi, na dumu la mbege ambalo mimi sikuulizwa. Nashuka taratibu kwenye D, gea ya kawaida ya kwenda mbele, mguu juu ya breki, naangalia kioo cha dashibodi betri inajaa kistari kwa kistari, nafurahi, nasema moyoni hii gari inanilipa. Mbele kidogo betri ikajaa kabisa. Basi injini ikaanza kuunguruma yenyewe! Sijakanyaga mafuta, mguu uko kwenye breki, gari inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Mama akauliza, "Baba, hiyo ni nini?" Nami kwa aibu, ili kelele iishe, nikatupa nyutro, yaani gea huru, N.

Kelele iliisha kweli. Na gari ikaondoka.

Nikakanyaga breki, nikakanyaga, nikakanyaga bila kuachia, kona ya kwanza, kona ya pili, ya tatu nasikia breki imekuwa ndefu, laini, mguu unazama kama umekanyaga godoro. Tulisimama kwenye ubao wa mwenye duka mmoja, matairi ya mbele yanafuka, yaani breki zilitoa moshi kabla hatujafika Moshi. Kijana akaja mbio na ndoo ya maji, nikamzuia, chuma cha moto hivyo ukikimwagia maji kinapinda. Mama mkwe alishuka akakaa kwenye mkungu wake, hakusema kitu mpaka nyumbani. Kesho yake fundi mmoja, simtaji, akaniambia gea boksi imekufa, akataka hela ndefu. Gea boksi ilikuwa nzima kabisa!

Ile kelele ilikuwa gari inaniokoa, nami nikaizima.

Chukua gari na watu na ndizi, kilo 1,400. Kutoka geti la kupandia Mlima Kilimanjaro pale Marangu, lipo juu kama mita 1,870, mpaka huku chini unashuka si chini ya mita 900, tuseme 1,000 tupate hesabu nyepesi. Nguvu ya uzito huo kushuka urefu huo ni karibu uniti 4 za umeme, uniti zilezile unazonunua LUKU. Betri ya Aqua yote nzima haifiki uniti 1, na gari hairuhusu itumike yote, inachezea sehemu ya katikati tu ili isife mapema. Upepo na matairi yanakula kiasi, sawa, lakini zilizobaki ziende wapi? Umeleta ndoo nne, una kikombe. Kikombe kikijaa zinazobaki zinageuka joto, na joto hilo ama ulipeleke kwenye injini ama kwenye breki.

B, yaani breki ya injini, ndo inalipeleka kwenye injini. Mota inaizungusha injini bila kuchoma mafuta, inavuta hewa na kuibana, kazi hiyo inameza nguvu ya mteremko, na ndo ile kelele niliyoisikia. Najua kuna mzee hapo anataka kusema injini itachoka. Haichoki mzee wangu, imetengenezwa hivyo, lori la Fuso linashuka na gea nzito kila siku hujalionea huruma. Mwingine atasema B inakula mafuta. Kwenye mteremko hailambi hata tone, ukiirudisha tambarare ndo inakuibia, maana inapoteza nguvu ambayo D ingeiweka kwenye betri. Kwa hiyo mteremko mfupi, D na breki ya taratibu, betri ipate chakula. Mteremko mrefu, weka B kabla hujaanza kushuka, siyo ukishafika 90.

Na nyutro, jamani, nyutro! "Mwalimu naokoa mafuta." Unaokoa nini? Kwenye nyutro haibridi haichaji kabisa, mota imekaa pembeni, breki zinabeba gari peke yake. Kuzima gari kabisa ndo usiniambie, usukani utakuwa mzito na breki itakuwa ngumu. Nyie wa Arusha msicheke, mnaposhuka kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu huwa nawasikia harufu mimi niko nyuma.

B haikuondolei breki lakini. Spidi ikipanda, kanyaga kwa nguvu, ipunguze, achia, breki ipumue, halafu tena. Usiuweke mguu juu kama umeuegesha.

Muda umekwisha naona, mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka: mafuta ya breki yanavuta unyevu, yakizeeka yanachemka mapema, aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 na iliyonyonya maji kuanzia 140, badilisha kila miaka miwili. Tundu la feni ya betri kwenye siti ya nyuma msilizibe na mikungu, mimi nililiziba. Wenye Honda Fit tafuteni L au S badala ya B. Nissan Note e-Power ni habari nyingine, tutaiongea siku nyingine, ila nayo betri ikijaa injini itanguruma, usishtuke.

Maswali nje, kwenye chai. Na yule mwenye Aqua nyeupe iliyoziba geti aje aitoe, na usishuke nayo nyutro mpaka barabarani, nakuona.