Ubeti wa Tano

Walimu wenzangu, na ninyi wanangu mliokaa huku mbele, ahsanteni kwa kuja. Kwa mlionizidi umri, shikamooni. Mada niliyopewa ni maisha ya mwanamke katika kazi za kubuni za wanafunzi. Walionisikia kwingine wanajua nitaanzia wapi. Watanivumilia, maana nitaanzia hapo hapo mpaka mambo yabadilike.

Naanzia kwenye swali la mtihani: "Jadili nafasi ya mwanamke katika riwaya mbili ulizosoma." Aliyepita kidato cha nne nchini mwetu Tanzania atanijibu amefumba macho. Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Mwanamke amechorwa kama mama na mlezi. Mwanamke amechorwa kama mshauri mwema. Mwanamke amechorwa kama mtu duni asiye na maamuzi. Mfano, fafanua, alama mbili, ruka mstari. Binti wa miaka 17 anaketi na kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mwanamke ni chombo cha starehe, anapigiwa vema, anafungua ukurasa mwingine. Kwa miaka minne hajaulizwa hata mara moja: wewe umeona nini?

Halafu siku moja tunamwambia aandike shairi. Tunashangaa shairi lake likitoka kama jibu la mtihani lililowekewa vina.

Sasa niwasimulie lililonipata, kwa urefu, kwa sababu ndilo lililonifanya nianze kusema haya. Nilikuwa nafundisha kidato cha pili, shule ya kutwa. Nikawapa kazi: shairi la beti nne au tano, tarbia, yaani mistari minne kila ubeti, mada huru. Msichana mmoja aliyekuwa akikaa nyuma, si msemaji, akaleta beti nne. Ubeti wa kwanza naujua kwa moyo, na mwenyewe amenipa ruhusa niusome popote, mradi jina lake nisilitaje:

Sare yangu naanika, juu ya jiko chumbani,
Saa nane imefika, bado ni mbichi pindoni,
Kukicha ninaondoka, nanuka moshi mwilini,
Mwalimu ananicheka: "Umelala makaani?"

Hesabuni mizani, imetimia. Lakini tazameni hilo neno pindoni. Aliyewahi kukausha nguo usiku juu ya jiko la mkaa anajua: kitambaa kinakauka, pindo linabaki na maji, kwa sababu pale kimekunjwa mara mbili. Neno hilo haliko kwenye kitabu cha kiada. Limetoka kwenye vidole vya mtu aliyeshikashika pindo saa nane ya usiku kuona kama limekauka. Beti tatu zilizofuata zilieleza kwa nini sare ilifuliwa usiku wa katikati ya wiki. Wanawake mliomo humu mmekwisha kuelewa. Neno hedhi hakuliandika popote. Aliandika kuhusu benchi, na kuhusu kutosimama kwanza kengele inapolia, kusubiri wenzake wote watoke.

Mimi nilifanya nini? Nilimpa alama saba kati ya kumi, na kwa kalamu nyekundu nikaandika: "Vizuri, lakini shairi halina funzo. Ongeza ubeti wa tano wenye ushauri kwa jamii."

Akaongeza. Mtoto mtiifu. Ubeti wa tano ukawaambia wasichana wenzake wazingatie usafi, waoge, wasije shuleni wakinuka. Nikampa tisa.

Ilinichukua muda mrefu kuona nilichokifanya. Beti nne zilikuwa zinasema: nilifua, nilikesha, nikatoka na nguo mbichi, nikachekwa. Ubeti wa tano ulisema aliyemcheka alikuwa na haki. Nilimtaka atoe funzo, na funzo pekee alilokuwa amefundishwa kuhusu mwili wake lilikuwa lile la kumlaumu. Shairi lake liligeuka likamshitaki yeye, na aliyelidai hilo ni mimi.

Basi hoja yangu ndiyo hii, na mkiondoka hapa na hii tu nitakuwa nimeridhika: msidai ubeti wa tano. Binti akishaeleza alichokiona kwa macho yake, kikaelezeka, mwacheni atue kalamu.

Najua kuna mtu anajiandaa kuninukulia Mwana Kupona. Huwa yupo. Atasema ushairi wetu ni wa mawaidha tangu asili, na mwanamke wetu mashuhuri kuliko wote katika utenzi aliandika wosia mtupu. Haya, tumsome basi, tusimtaje tu. Mwaka ni 1858. Ni mjane, mumewe Bwana Mataka, mtawala wa Siu kisiwani Pate, amefariki miaka miwili kabla. Mwenyewe yu kitandani, naye hataishi zaidi ya miaka miwili hivi. Kabla ya wosia wowote anasema nini? Anasema maradhi yamemshika hata yametimu mwaka. Kisha anamwita binti yake: "Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi." Njoo mbele uketi, na wino na karatasi. Mnaona? Kuna mgonjwa, kuna mtoto, kuna wino. Na katikati ya wosia anaacha kuagiza, anasimulia jinsi alivyoishi na baba wa mtoto kwa furaha na kicheko, hawakuvunjiana heshima siku zote walizokaa. Mawaidha yake yana mwili. Alikuwa na haki ya kuyatoa: mama, mjane, mtu anayeaga, na aliyekuwa akimpa ni binti yake wa kumzaa. Mimi nilimtaka mtoto wa miaka 14 aiwaidhi jamii nzima, jamii ambayo haijampa hata sare ya pili.

Mwingine ataniambia: mwalimu, bila ujumbe mtahini atasahihisha nini? Asahihishe pindo. Asahihishe kama picha inaonekana, kama neno limekaa mahali pake. Ujumbe upo. Hakuna aliyesikia ubeti ule akaniuliza unahusu nini.

Tena si jambo geni kwetu. Mwaka 1996, walimu wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana waliketi wakataja wenyewe yanayowakwamisha, wakayachambua, wakayatungia michezo na nyimbo, wakaigiza mbele ya walimu na wazazi. Utaratibu ule baadaye ulivuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika. Angalieni mpangilio wake: kwanza wataje wao. Mtu mzima hakuja na orodha ya mafunzo mfukoni.

Na sisi tunaokuja na orodha, tunavuna nini? Chukueni insha ya mimba. Kila mwalimu wa Kiswahili anaijua. Msichana alikuwa na akili darasani, akakutana na mwanamume mwenye gari, akapewa chipsi na simu, akapata mimba, akafukuzwa shule, akafa au akabaki akilia, "majuto ni mjukuu". Novemba 2021 Serikali yetu ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shuleni kuendelea na masomo. Kenya utaratibu wa kuwarejesha ulikuwapo tangu 1994. Mwongozo umebadilika, insha haijabadilika. Bado anafukuzwa kila siku ndani ya daftari. Na kwenye madawati hayo hayo ameketi msichana aliyerudi, mtoto kamwacha kwa bibi, maziwa yanamjaa ifikapo saa tano, naye anaambiwa aandike insha ambayo mtu kama yeye hufa ukurasa wa pili. Yeye ndiye mwenye habari ambayo hatujawahi kuisoma. Ataiandika saa ngapi, na nani kamwambia kwamba inaruhusiwa?

Hapa niweke tahadhari, na walimu vijana naomba muiandike. Ukiwaachia waandike ya kweli, utaletewa mengine mazito. Utasoma kuhusu mjomba. Utasoma kuhusu mlango unaofunguliwa usiku. Usisome karatasi hiyo mbele ya darasa, hata kama imeandikwa kwa nafsi ya tatu, hata kama jina limebadilishwa. Usimwite mtoto ofisini mbele ya walimu wengine ukamuuliza, "Hii ni kweli?" Na usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie mapema, kabla hajaandika neno: nikiona uko hatarini sitanyamaza, nitakwenda kwa mtu wa kukusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nakwenda kwa nani. Kisha ufanye hivyo kweli. Nimeona mwalimu akiandika "lugha nzuri" chini ya karatasi ya namna hiyo, akafunga daftari. Alikuwa mtu mwema. Alisoma tamathali za semi tu.

Naona mwenyekiti ananyoosha mkono, kwa hiyo Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, nitampitia kwa kasi, ingawa alistahili saa nzima. Ukiacha sauti yake, na sahani zake za santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928, kuna ule wimbo wa Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni huko Unguja. Unasimulia tu: nani alimchukua, wakaenda wapi, yakatokea nini. Watu wanaikumbuka kesi ile kwa sababu ya wimbo. Wafundisheni wasichana kwamba kusimulia peke yake ni kazi kubwa.

Kuhusu wavulana nilikuwa na kurasa tatu, sitazisoma. Niseme hili moja: wao pia waandike kuhusu wanawake, lakini mwanamke wao afanye jambo jingine zaidi ya kulia na kusamehe. Mvulana amtazame dada yake saa kumi na moja alfajiri, aandike mikono yake inafanya nini. Suala la magazeti ya ukutani na nani anachagua kinachobandikwa, tutalizungumza chai ikifika, kwa sababu hapo pana ugomvi.

Sasa wanangu. Karatasi na kalamu ziko pale mlangoni, kila mmoja achukue, na walimu pia. Chagueni kitu kimoja mlichokishika kwa mkono leo kabla ya saa mbili asubuhi. Kimoja. Kilikuwa na uzito gani, kilikuwa cha moto au cha baridi, nani alikuwapo. Vina mkitaka, msipotaka basi. Hakuna kichwa cha habari, na hakuna atakayesoma chako usipompa. Dakika kumi na tano. Na wewe uliyekaa karibu na dirisha, mwanangu, sogea huku kwenye mwanga.