Kwa nini nondo wa msituni hufurika, kisha wakatoweka

Ndugu wasikilizaji, leo twende Uswisi, kwenye bonde la Engadin katika milima ya Alps, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Msitu wa huko ni wa milachi, miti ya jamii ya misonobari, ila hii hupukutisha majani yake yote kila mwaka kabla ya baridi. Kuna miaka ambapo, katikati ya kiangazi, mlima mzima hugeuka kahawia ukadhani moto umepita. Aliyepita ni kiwavi wa nondo wa kijivu, ambaye mabawa yake yakitandazwa ni kiasi cha sentimita mbili tu.

Tumtazame kwa karibu. Mayai hutagwa kwenye mianya ya matawi, hukaa hapo msimu wote wa baridi, na huanguliwa machipukizi yanapofunguka. Kiwavi huingia katikati ya kishada cha majani machanga, akayafunga kwa nyuzi zake yakawa faneli, akala humo humo ndani. Akishakua hutoka, akatandaza nyuzi kando ya tawi, na hapo huharibu kuliko anavyokula: huacha majani nusunusu, yakakauka yakiwa yamenaswa kwenye nyuzi. Ndiyo ile rangi ya kahawia.

Tangu 1949 watafiti wamekuwa wakihesabu viwavi hawa. Idadi hupanda miaka minne au mitano, kisha huporomoka, na mzunguko mzima huchukua miaka minane hadi tisa. Kati ya mwaka wa uchache na mwaka wa wingi, tofauti huzidi mara 10,000.

Je, ni hali ya hewa? Viwavijeshi wetu wa Afrika Mashariki kweli hufuata mvua na upepo. Lakini mvua na baridi ya Alps hazina ratiba ya miaka tisa. Mimi nasema kiini ni kuchelewa. Mnakijua kilimo cha vitunguu: bei ikiwa nzuri mwaka huu, wote tunapanda, mavuno yanakuja kwa pamoja, bei inaanguka, mwakani wanapanda wachache, bei inapanda tena. Anayeamua leo anaamua kwa habari za jana.

Kwa nondo huyu, ucheleweshaji uko mara mbili. Mlachi uliotafunwa haufi kwa kawaida. Huchipua tena kiangazi kile kile. Ila majani ya mwaka unaofuata huwa mafupi, magumu, yenye nyuzinyuzi nyingi na lishe haba, na huchukua miaka kadhaa kurudi hali yake. Kwa hiyo wanaoumia ni vizazi vya baadaye, wala si walioutafuna.

Kisha kuna nyigu vimelea, wanaotaga mayai kwa viwavi, na mabuu yao humla kiwavi akiwa hai. Viwavi wakizidi, nyigu huongezeka, ila kwa kuchelewa. Wanafikia wingi wao wakati viwavi wameanza kupungua, wakawamaliza. Wakikosa chakula nao hupungua, na viwavi wachache waliosalia hupata nafasi. Mwaka 2003 mwanaikolojia Peter Turchin na wenzake walipima sababu hizi mbili, wakaona nyigu ndio wenye uzito mkubwa. Kirusi kiliwahi kushukiwa, kwa kuwa kiliua viwavi wengi katika miaka ya 1950. Lakini baadaye idadi iliendelea kuporomoka bila kirusi hicho kuonekana sana.

Mti unapotafunwa, pete yake ya mwaka ule, yaani mduara wa ukuaji ndani ya shina, hudhoofika. Mtafiti wa pete za miti Jan Esper na wenzake walisoma pete hizo kwenye miti hai na kwenye mbao za nyumba kuukuu za milimani, wakachapisha matokeo mwaka 2007: mafuriko ya viwavi yalikuja bila kukosa kwa takriban miaka 1,200, katika karne za joto na za baridi kali. Kisha, baada ya miaka ya mwanzo ya 1980, yakakatika kwa zaidi ya miongo mitatu, hadi viwavi walipofurika tena mwaka 2017 na 2018.

Jambo hili linanigusa sana. Maelezo yenye nguvu ya kukatika huko ni ongezeko la joto: mayai mengi hufa msimu wa baridi usipokuwa baridi ya kutosha, na vifaranga vya viwavi vikianguliwa kabla machipukizi hayajafunguka hufa njaa. Nyigu wapo na milachi ipo. Lakini ili idadi ipande mara maelfu lazima iongezeke miaka minne au mitano mfululizo, na upotevu wa kila mwaka, hata usipokuwa mkubwa, unatosha kuikatiza njiani.

Nakaribisha maswali.