Majina Saba ya Yethro, Mkwewe Musa

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Msomaji wa kitabu cha Kutoka hafiki mbali kabla ya kukutana na fumbo. Katika sura ya 2, mabinti saba waliosaidiwa na Musa kisimani wanarudi kwa baba yao, naye anaitwa Reueli. Sura ya 3 inapoanza, Musa anachunga kondoo wa mkwewe, na mkwe huyo sasa ni Yethro, kuhani wa Midiani. Katika 4:18 maandishi ya Kiebrania yanamtaja kwa namna mbili ndani ya mstari mmoja, kwanza Yeter, kisha Yitro, ambaye ndiye Yethro wetu. Hesabu 10:29 inamleta Hobabu mwana wa Reueli, na Waamuzi 4:11 inasema kwamba Hobabu ndiye mkwe wa Musa.

Wataalamu wengi wa zama zetu hueleza kwamba simulizi za asili mbalimbali ziliunganishwa, na waliozikusanya wakaona heri kuyahifadhi majina yote kuliko kufuta hata moja. Naona maelezo hayo yana nguvu. Lakini yanatueleza jinsi kitabu kilivyoundwa, ilhali marabi wa kale walitaka kujua mtu mwenyewe alikuwa nani, na kwao wingi wa majina ulikuwa ushahidi.

Katika Mekhilta, midrashi (yaani ufafanuzi wa marabi) ya kale juu ya kitabu cha Kutoka, Yethro anahesabiwa majina saba, na kila jina linafungwa kwenye tendo kwa maana au sauti yake ya Kiebrania. Aliitwa Yeter, jina lenye maana ya ziada, kwa sababu aliongeza sehemu katika Torati, yaani lile shauri lake la sura ya 18 la kuweka waamuzi. Alipotenda mema akaongezewa herufi moja ya Kiebrania, vav, akawa Yitro, kama Abramu alivyoongezewa herufi akawa Abrahamu. Hobabu, kwa kuwa aliipenda Torati. Reueli na Heberi, kwa kuwa alikuwa rafiki na mwenzi wa Mungu. Mkeni, kwa kuwa alikuwa na wivu kwa ajili ya Mungu na akajipatia Torati. La saba ni Putieli, jina linalotokea mara moja tu, katika Kutoka 6:25, ambapo Eleazari mwana wa Haruni anaoa mmoja wa binti za Putieli. Mekhilta inalieleza kuwa ni la mtu aliyejitenga na ibada ya sanamu. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, kwa kucheza na sauti ya jina hilohilo, inasema ni la mtu aliyenonesha ndama kwa ajili ya sanamu.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa mapokeo haya: marabi hawakumsafisha mgeni huyu ili apendeze. Yapo maoni, yanayonasibishwa na Rabi Elazar wa Modiin, kwamba Yethro alimwoza Musa binti yake Sipora kwa sharti kwamba mwana wa kwanza atolewe kwa ibada ya sanamu. Na katika Sanhedrin 94a, sehemu ya Talmudi, mwalimu Shmueli anasema kwamba Yethro aliposikia yaliyowapata Wamisri mwili ulimsisimka, ingawa maandiko yanasema alifurahi. Aliwafurahia waliookolewa, na bado aliwaonea uchungu waliozama.

Kuhusu lile shauri lake, Talmudi ilipiga hesabu. Kwa wanaume 600,000, wakuu wa maelfu ni 600, wa mamia 6,000, wa hamsini 12,000 na wa makumi 60,000, jumla 78,600, yaani takriban mwamuzi mmoja kwa kila watu wanane. Sijui nani alibaki kuwa mshtakiwa.

Simulizi nyingine, iliyo katika Sotah 11a, sehemu nyingine ya Talmudi, inamrudisha nyuma hadi jumba la Farao. Washauri watatu walikuwapo siku mfalme alipopanga kuwaangamiza Waisraeli: Balaamu, aliyetoa shauri, akaja kuuawa, Ayubu, aliyenyamaza, akahukumiwa mateso, na Yethro, aliyekimbia.

Waislamu wengi humtambua kuwa ndiye Nabii Shuaib aliyetumwa Madiani, ingawa Qurani haimtaji kwa jina yule mzee aliyemwoza Musa binti yake. Kwa Wadruzi, jamii ya kidini ya Mashariki ya Kati, ni nabii mkubwa, na kaburi linalonasibishwa naye huko Hittin, Galilaya, huzuriwa kila mwaka mwishoni mwa Aprili.

Maandiko yenyewe yanamwacha njiani. Kutoka 18:27 inasema alikwenda zake nchini kwake. Katika Hesabu 10 Musa anamsihi Hobabu abaki awe macho yao jangwani, na jibu la mwisho halikuandikwa. Mekhilta inasema alirudi ili awaingize watu wake katika imani. Na simulizi ya Sotah inaongeza kwamba, kama malipo ya kule kukimbia, wazao wake walikuja kuketi Yerusalemu katika Chumba cha Mawe ya Kuchongwa, mahali pa baraza kuu la waamuzi.