Ujerumani haina dini? Tuangalie slipu yangu ya mshahara

Habari zenu wapendwa. Leo sikupanga kurekodi, ila swali ni lile lile kila nikipandisha video: "Kaka, ni kweli Wajerumani wameachana na Mungu, na serikali yao haina dini?" Najua nikijibu, wapo watakaosema naringishia euro, na wapo watakaosema nakula nchi ya watu huku naisema vibaya. Haya. Mimi naongelea ninachokiona hapa Leipzig.

Makanisa matupu mmeshaonyeshwa vya kutosha, nayaruka. Angalieni huu mstari kwenye slipu: Kirchensteuer. Ni kodi ya kanisa. Sadaka unatoa mwenyewe. Hii inakatwa kabla hela haijagusa akaunti, mwajiri anaikata na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi ya serikali. Huku kwetu, jimbo la Saxony, ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, siyo ya mshahara wote. Jimbo la Bavaria ni 8. Kodi yako ikiwa euro 400 kwa mwezi, juu yake unakatwa 36 za kanisa.

Ilianzia kwenye kuandikisha makazi. Fomu ina sehemu ya dini, na mimi nimepata kipaimara KKKT, nikajaza Mlutheri. Yule mama wa dirishani akagonga muhuri, kimya. Hilo linaniuma mpaka leo. Dini yangu waliijali kiasi cha kuiuliza, ila kunieleza kwamba jibu langu litakatwa hela kila mwezi, hapana.

Na katiba yao? Ya 1949 imebeba vifungu vya ile ya 1919, ya jamhuri yao ya zamani iliyoitwa Weimar: hakuna kanisa la dola. Kifungu hicho hicho kinayapa makanisa haki ya kutoza kodi!

Kuna jambo jingine linanichoma zaidi. Saxony tuna sikukuu ya Toba na Maombi, Jumatano moja ya Novemba. Majimbo mengine waliacha kuipumzikia 1995, ili kufidia waajiri mchango wa bima ya uangalizi wa wazee na wagonjwa. Saxony wakaibakiza, kwa hiyo mfanyakazi wa hapa anakatwa nusu asilimia zaidi kwenye bima hiyo. Anakatwa hata asiye na dini, na Leipzig hao ndio wengi. Mwenzangu kazini ni Mwislamu wa Syria. Siku ya Toba anaichangia, halafu Idd ikifika anaomba ruhusa kwa msimamizi. Kwetu tunaposema serikali haina dini, Krismasi tunapumzika na Idd tunapumzika.

Kwa hiyo naona hivi: watu wa hapa wameiacha dini kweli, serikali yao ndiyo haijaachana nayo. Hakuna anayekulazimisha kuamini, hilo nalishuhudia. Kutopendelea upande ndiko sikuoni.

Nilipogusia haya kwenye grupu la ukoo, shangazi mmoja akaandika kwamba nimemuuza Yesu kwa euro. Iliniumiza sana. Shangazi, sijajitoa kanisani. Wamisionari wa Leipzig ndio walioleta Injili Machame mwaka 1893, na nikisali hapa najisikia niko kwetu. Lakini mama yangu anatia bahasha yake ya ahadi kwa mkono wake mwenyewe, kwa kadiri alivyojaliwa. Nami nataka kumtolea Mungu hivyo, siyo kukatwa.

Wanaouliza namna ya kujitoa kanisani ili wasikatwe kodi hii: hapa Saxony unakwenda mwenyewe ofisi ya vizazi na vifo na pasipoti, unalipa ada, unapewa cheti. Kuanzia hapo wewe si msharika tena, na ubatizo wa mtoto wa ndugu yako huwezi kuusimamia. Kwa Wakatoliki ni kali zaidi, tangu tamko la maaskofu la 2012 hata komunyo hupokei. Msifanye kwa sababu ya video yangu, kila mtu ana hali yake na imani yake. Ila ukishapewa hicho cheti kitunze, ofisi ya kodi inaweza kukidai hata miaka mingi baadaye.